Je, kuna maana kulipia programu ninayoipata bila malipo?

«Naomba ushauri wako, mtaalamu. Kuchora, kurekodi muziki na kutazama nyota ni mambo ninayoyafanya baada ya kazi kwa kuyapenda tu, wala hayaniingizii kitu. Ninatumia programu nne. Ya kuchorea ni huria, na sijawahi kuilipia tangu nilipoipakua miaka sita iliyopita. Ya kurekodi muziki humwomba mtumiaji achangie kiasi anachoweza, nami kila mara hupita bila kutoa kitu. Ya nyota imetengenezwa na mtu mmoja, na kwa zaidi ya mwaka sasa hajatoa toleo jipya. Ya nne ni ya kusafishia picha. Niliinunua mara moja, sasa kampuni imebadilisha utaratibu na inataka nilipie kila mwezi. Nimeanza kuona haya kula jasho la watu, lakini kaka yangu ananiambia kwamba kulipia kitu kinachotolewa bila malipo ni ujinga, na kwamba pesa zenyewe huishia kwa makampuni ya katikati. Uwezo wangu ni kutenga kiasi kidogo tu. Je, nilipe? Pesa zitawafikia kweli? Nigawe kwa wote wanne au nimpe mmoja? Na nikishalipa, ninaweza kuomba waniongezee kitu ninachokihitaji?»

Ndugu msomaji, umeuliza maswali kadhaa kwa pamoja, na chini ya yote ninaona wasiwasi wa pande mbili: usipolipa unajiona mnyonyaji, na ukilipa unaogopa kuonekana mjinga. Nianze kwa kukutua mzigo wa kwanza. Mtu aliyeamua kutoa programu yake chini ya leseni huria, yaani inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, amekupa ruhusa kamili ya kuitumia bila kulipa. Hukumwibia, huna deni kwake kisheria, na mwenyewe alijua tangu mwanzo kwamba wengi wa watumiaji wake hawatampa chochote. Mzigo wa pili nao uutue, kwa sababu kulipa kwa hiari si ujinga maadamu unajua unacholipia. Kaka yako amekosea mahali pamoja tu, ila ndipo penye kiini cha jambo lenyewe: anadhani malipo ni bei ya nakala. Kunakili programu karibu hakuna gharama. Kinachogharimu ni saa za mtu anayehakikisha kwamba nakala hiyo itafunguka tena mwakani.

Ichukue programu yako ya kuchorea. Unapokandamiza kalamu kwenye kibao cha kuchorea, mstari unanenepa, na ukilegeza mkono unakonda. Jambo hilo dogo hupita hatua nyingi: kibao hutuma kipimo cha mkandamizo, programu ndogo ya kampuni iliyotengeneza kibao hukipokea, mfumo endeshi wa kompyuta (kama Windows) hukipitisha mbele, na mwisho programu ya kuchorea hukigeuza kuwa unene wa mstari. Mfumo endeshi ukijisasisha usiku, asubuhi mstari unaweza ukabaki na unene uleule hata ukandamize vipi, ingawa hakuna aliyegusa herufi hata moja ya programu ya kuchorea. Mtumiaji anaandika, «Kalamu haifanyi kazi,» bila kutaja aina ya kibao wala toleo la mfumo. Msanidi, yaani mtu anayeitengeneza programu, anamuuliza; jibu linakuja baada ya siku kadhaa, au haliji kabisa. Pengine msanidi mwenyewe hana kibao cha aina hiyo, hivyo inambidi akinunue, akiazime, au aendelee kumtumia mtumiaji matoleo ya majaribio moja baada ya jingine hadi wapate mahali penye hitilafu. Marekebisho yenyewe yanaweza kuwa mistari mitatu ya msimbo. Kazi iliyoizunguka mistari hiyo mitatu imekula jioni nzima kadhaa, na hakuna mtumiaji atakayeiona, kwa sababu dalili ya kwamba imefanikiwa ni kuwa mstari unanenepa leo kama ulivyonenepa juzi.

Hiyo ndiyo kazi unayoilipia: matunzo. Pamoja na saa hizo zipo gharama za fedha taslimu ambazo mtumiaji hazioni. Msanidi anayetaka programu yake ifunguke kwenye kompyuta za Apple bila onyo la kumtisha mtumiaji hulipa dola 99 za Marekani kila mwaka ili awe mwanachama wa mpango wa wasanidi wa kampuni hiyo. Anayesambaza programu kwa watumiaji wa Windows mara nyingi hununua cheti cha sahihi ya kidijitali, la sivyo watumiaji huonywa kwamba mchapishaji wa programu hajulikani. Kuna pia jina la tovuti, seva ya kupakulia, na vifaa vya kujaribia. Mtu anayetoa programu yake bila malipo, kwa hiyo, mara nyingi hatoi jioni zake tu. Anatoa pia pesa za mfukoni mwake ili wewe usione onyo.

Dhana nyingine ninayokutana nayo mara kwa mara ni kwamba programu huria hairuhusiwi kuuzwa, au kwamba anayeomba malipo amesaliti msimamo wake. Si kweli. Leseni ya GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na ambayo bado inatawala sehemu kubwa ya programu za aina hii, inamruhusu yeyote kutoza bei yoyote anapotoa nakala. Inachodai ni kwamba anayeipokea apate pia msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na msanidi, na uhuru wa kuubadilisha na kuusambaza. Ndiyo maana Ardour, programu ya kurekodi na kuhariri muziki, huutoa msimbo chanzo wake bila malipo lakini humwomba alipe yule anayetaka programu iliyokwisha kuandaliwa tayari kwa kusakinishwa. Krita, ya kuchorea, hupakuliwa bila malipo kwenye tovuti yake, na programu hiyohiyo huuzwa katika duka la Steam na la Microsoft ili mapato yasaidie kuwalipa wanaoitengeneza. Anayenunua huko anafahamu, au anaweza kufahamu, kwamba angeipata bure. Hakuna udanganyifu hapo. Ni mlango mwingine tu wa kutolea mchango, wenye faida ya kwamba duka lenyewe linakuletea masasisho.

Utaratibu huu si mgeni. Mwaka 1982 nchini Marekani, Jim Knopf na programu yake ya PC-File, na Andrew Fluegelman na PC-Talk, waliwaruhusu watu kunakili kazi zao na kuwapa marafiki, wakimwomba aliyeridhika awatumie malipo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Blender, programu ya kutengeneza picha na filamu za pande tatu. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilifungwa mwaka 2002, na programu ikabaki mikononi mwa wawekezaji. Muundaji wake, Ton Roosendaal, alikubaliana nao bei ya euro 100,000, akawageukia watumiaji, na kiasi hicho kikapatikana kwa michango katika muda wa wiki saba. Mnamo Oktoba 13, 2002, Blender ilitolewa chini ya GPL, nayo ingali inatengenezwa hadi leo. Wale waliochangia hawakununua nakala, kwani nakala walikuwa nazo tayari. Walinunua uhakika kwamba hakuna atakayeizima.

Usidhani, hata hivyo, kwamba programu inayotumiwa na watu wengi lazima iwe na wafadhili wa kutosha. Hitilafu kubwa ya usalama iitwayo Heartbleed ilipogunduliwa mwaka 2014 katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, dunia ilishangaa kuambiwa kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Kila mtumiaji alidhani mwenzake analipa. Katika ulimwengu wa burudani kuna mchezo wa Dwarf Fortress, ambao ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, waliutoa bila malipo tangu mwaka 2006 wakiishi kwa michango ya wachezaji. Maradhi yalipoingia katika familia na gharama za matibabu zikawatia hofu, waliamua kutengeneza toleo la kuuza, likatoka Desemba 2022 na kupokelewa kwa wingi mno, huku toleo la bure likiendelea kuwepo. Ninautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha ukweli ambao wachangiaji hawaupendi sana: michango ya hiari inaweza kumlisha mtu katika siku za kawaida, lakini ni nadra kumpa akiba ya siku mbaya.

Sasa tufike kwenye hofu ya kaka yako kuhusu makampuni ya katikati, maana hapo ana hoja. Kila njia ya malipo hukata chake. Ukinunua katika duka la Steam, kiwango cha kawaida kinachobaki dukani ni asilimia 30. Apple na Google nao walizoea kuchukua asilimia 30, ingawa mwaka 2021 walianzisha kiwango cha asilimia 15 kwa wasanidi wadogo. Tovuti ya itch.io, inayouza michezo na zana za wasanii, humwachia muuzaji achague mwenyewe sehemu atakayoiachia tovuti. Kuna pia majukwaa ya kuwachangia wasanidi moja kwa moja: GitHub Sponsors haitozi ada michango inayotoka kwenye akaunti za watu binafsi, na Liberapay haikati sehemu yake katika michango, bali nayo huishi kwa michango. Hata hivyo, mahali pasipo na mkato wa jukwaa bado kwa kawaida pana ada ya kadi, na ada hiyo ndiyo inayohitaji kutazamwa kwa makini na mtu mwenye kiasi kidogo kama wewe.

Kiwango kilichozoeleka cha kuchakata malipo ya kadi nchini Marekani, kwa mfano katika kampuni ya Stripe, ni asilimia 2.9 ya malipo pamoja na senti 30 kwa kila muamala. Senti hizo 30 hazijali umetuma kiasi gani. Ukituma dola 1, ada ni kama senti 33, yaani theluthi ya mchango imepotea njiani. Ukituma dola hiyo kila mwezi kwa mwaka mzima, umetoa dola 12 na msanidi amepokea kama dola 8. Ukituma dola 12 kwa mara moja, ada haifiki senti 65, na msanidi anapata zaidi ya dola 11. Haba na haba hujaza kibaba, lakini katika malipo ya kadi kibaba hiki kina tundu, na tundu hilo hupitisha kiasi kilekile kila unapomimina.

Kutokana na hesabu hiyo, ninakushauri ulipe mara moja kwa mwaka badala ya kila mwezi, ila ulipe kila mwaka. Wengi huwashauri watu watoe kila mwezi, na sababu yao ni nzuri: msanidi anayejua nini kitaingia anaweza kupanga, kwa mfano kupunguza siku moja ya kazi ya kuajiriwa ili aishughulikie programu. Kinachomsaidia katika kupanga, lakini, ni kutegemeka kwa mchango. Mchango wa kila mwaka unaorudi unategemeka sawasawa, na tundu hulipitia mara moja tu. Kama njia unayotumia haitozi ada isiyobadilika kwa kila muamala, au inakuruhusu kulipia miezi mingi kwa mkupuo, basi lipa kwa namna yoyote inayokurahisishia.

Wala usione haya kwa udogo wa kiasi chako. Nimewahi kushughulikia hesabu za miradi ya namna hii, na ninaweza kukuhakikishia kwamba hakuna anayekaa kupima nani ametoa kidogo. Mchango mdogo unaofuatana na mistari miwili ya kueleza unachokifanya kwa programu hiyo husomwa, na mara nyingi msanidi huwasomea kwa sauti wenzake walio upande wa pili wa simu. Msanidi huzoea kusikia kutoka kwa watu waliokwama tu, kwa sababu aliyeridhika hana sababu ya kuandika.

Kabla hujalipa, hakikisha unalipa mahali panapohusika. Ingia kwenye tovuti ya mradi kwa kuandika anwani yake mwenyewe, au fungua sehemu ya «Kuhusu» ndani ya programu uliyokwisha kuisakinisha, na ufuate kiungo cha michango kilichopo hapo. Usifuate tangazo lililojitokeza juu ya matokeo ya utafutaji. Kuna watu wanaozichukua programu huria, wakazibandika jina jingine na kuziuza bila kurudisha chochote kwa wenyewe, jambo ambalo leseni mara nyingi inaliruhusu; na kuna wengine wabaya zaidi wanaoiga tovuti ya mradi ili wakupakulishe programu hasidi. Usishangae, kwa upande mwingine, ukikuta mchango unapokelewa na taasisi yenye jina tofauti na la programu. Miradi mingi ya kujitolea haijasajiliwa popote kisheria, kwa hiyo haiwezi kufungua akaunti ya benki, na taasisi isiyo ya kibiashara huwapokelea na kuwatunzia fedha. Michango ya GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa mfano, hupitia GNOME Foundation, na ya Inkscape, ya kuchorea michoro, hupitia Software Freedom Conservancy. Ukurasa wa mradi wenyewe husema hivyo waziwazi, na ukisema hivyo hakuna cha kutilia shaka.

Swali la kugawa au kutogawa lina jibu fupi baada ya hesabu ile: usikigawe kiasi kidogo mara nne. Chagua programu moja kwa mwaka huu, mwakani chagua nyingine ukipenda. Katika kuchagua, mimi huanza na swali la programu gani ingeniumiza zaidi kama ingetoweka, kisha ninatazama ina mikono mingapi. Blender leo ina mfuko wa maendeleo unaochangiwa na makampuni makubwa ya teknolojia pamoja na maelfu ya watu binafsi. Mchango wako huko una thamani, ila utakuwa tone miongoni mwa mengi. Mradi wa watu wawili au watatu unaopata michango michache kwa mwezi utauhisi mchango uleule. Kwa maelezo uliyonipa, ningeanza na programu ya kurekodi muziki, kwa kuwa wenyewe wameshakwambia kwamba wanategemea malipo na wamekuwekea mlango wa kulipia, nawe umeupita mara nyingi.

Kuhusu programu ya nyota, subiri kwanza. Mwaka mzima bila toleo jipya hauthibitishi kwamba mwenyewe ameitelekeza; programu ndogo iliyokamilika inaweza kukaa muda mrefu bila kuhitaji kuguswa, hasa kama mfumo endeshi haujabadilika sana. Tazama kama anajibu taarifa za hitilafu, na kama msimbo wake unaguswa hata kidogo. Kisha mwandikie barua pepe fupi, umshukuru, umuulize kama anapokea michango na kama kuna kitu anachohitaji. Jitayarishe kwa jibu la kwamba hataki pesa, na ukilipata usimbembeleze. Mtu anayefanya jambo kwa mapenzi anaweza kuona kwamba siku atakapopokea malipo litageuka kuwa ajira, na watu watakuwa na haki ya kumuuliza amefikia wapi. Wengine wana mkataba wa kazi unaowazuia kupata mapato ya pembeni, na wengine hawataki usumbufu wa kutangaza kodi kwa ajili ya vijisenti. Bram Moolenaar, aliyeunda kihariri cha maandishi cha Vim na kukitunza tangu mwaka 1991 hadi alipofariki mwaka 2023, aliwaomba watumiaji walioridhika wawachangie watoto wenye shida wa Kibaale, nchini Uganda. Huenda mwenye programu yako ya nyota naye akakuambia kwamba kinachomkwamisha si pesa bali ni mtu wa kujaribu toleo jipya kwenye kompyuta ya aina usiyofikiri ina maana, na kompyuta hiyo ndiyo uliyo nayo.

Msaada wa namna hiyo ninauheshimu sawa na pesa, na ni wa kufaa kwa kila asiye na uwezo wa kulipa. Taarifa ya hitilafu inayotaja toleo la programu, toleo la mfumo endeshi, hatua ulizofuata, ulichotarajia na kilichotokea humwokolea msanidi zile siku za kuulizana nilizozieleza. Kutafsiri menyu na maelezo ya matumizi kwa Kiswahili ni kazi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuifanya hata akilipwa. Kumjibu mgeni anayeuliza swali la mwanzo kabisa ni kumpa msanidi jioni moja ya ziada.

Programu ya kusafishia picha ni suala la aina nyingine, kwa sababu hapo hakuna mchango. Kuna biashara, nawe una haki ya kuipima kama mteja. Nielewe vizuri: kampuni kuhama kutoka mauzo ya mara moja kwenda malipo ya kila mwezi si lazima iwe ulafi. Anayeuza mara moja huishi kwa wanunuzi wapya, na siku wanunuzi wapya wanapokwisha, gharama za matunzo zinabaki palepale. Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop, ilifanya mabadiliko hayo mwaka 2013 na wengi wakaifuata. Lakini kwa mtu anayefungua programu wikendi mbili kwa mwezi, mzigo wa malipo ya kila mwezi ni mkubwa kuliko faida, na mtu huyo huyo akiacha kulipa anaweza kufungiwa nje ya kazi zake mwenyewe. Zipo njia za katikati: REAPER, programu ya muziki, humpa mtu siku 60 za kuijaribu, kisha kwa matumizi binafsi huuza leseni ya dola 60 inayofaa kwa toleo kuu lililopo na linalofuata, bila malipo ya mwezi. Mimi huona utaratibu huo kuwa wa haki kwa pande zote mbili, kwa sababu msanidi anapata mapato mapya kila baada ya miaka kadhaa na mtumiaji anabaki na alichonunua.

Angalia kwanza kama leseni yako ya zamani inakuruhusu kuendelea na toleo ulilonunua. Ikiwa inakuruhusu, huna haraka yoyote. Litaendelea kufanya kazi mpaka mfumo endeshi utakapolikataa. Ukiamua kuhama, ziko programu huria kama darktable na RawTherapee, lakini kuna mtego ambao watu huugundua wakiwa wamechelewa. Programu nyingi za kusafishia picha haziibadilishi picha yenyewe; huhifadhi maelekezo tu, kwamba ongeza mwanga hapa, punguza rangi ile pale, na maelekezo hayo programu nyingine kwa kawaida haiwezi kuyasoma sawasawa. Kwa hiyo, kabla leseni yako haijakoma, zitoe picha zako muhimu zikiwa zimekamilika katika faili za TIFF au JPEG, na uzihifadhi pamoja na picha asili. Usishawishike kutafuta nakala iliyovunjwa kufuli. Mbali na kuwa ni wizi, nakala hizo ni njia iliyozoeleka ya kuingiza programu hasidi, na kompyuta yenye picha za familia yako na nywila za benki si mahali pa kujaribia bahati.

Umeuliza kama ukishalipa unaweza kuomba uongezewe kitu. Kuomba unaweza hata bila kulipa. Kudai ndiko kusikokuwepo. Uliponunua programu, ulipata haki zilizoandikwa katika masharti ya mauzo. Ulipochangia, ulimsaidia mtu aendelee na kazi anayoiamua yeye, na mchango haukukupa kiti katika maamuzi yake. Ikiwa kitu unachokihitaji ni mahususi na una pesa za kutosha, muulize msanidi kama anapokea kazi ya kulipwa, mkubaliane kwa maandishi kitakachofanywa, bei, na kama kitaingizwa katika toleo la wote. Hayo ni mapatano ya kazi, si mchango, na ni vizuri pande zote mbili zijue hivyo tangu mwanzo.

Ninalisisitiza hili kwa sababu madhara ya kuwaandama wanaojitolea si ya kufikirika. Mwaka 2024 iligundulika kwamba programu ya kubana data iitwayo xz, iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, ilikuwa imepachikwa mlango wa siri na mtu aliyejijengea imani kwa miaka kadhaa kama msaidizi. Kabla ya hapo mtunzaji alikuwa ameandikiwa barua za kumlaumu kwa uchelewaji, huku mwenyewe akieleza hadharani kwamba matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili yamempunguzia uwezo wa kuishughulikia na kwamba kazi hiyo haimlipi. Mtu aliyechoka hupokea mkono wowote unaonyoshwa. Sisi watumiaji wa kawaida hatuwezi kuzuia kila hila, lakini tunaweza kujiepusha na kuwa sehemu ya uchovu huo.

Kuna mambo machache ambayo jibu la maandishi kama hili halitoshi, na ukiyafikia tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. La kwanza ni siku uchoraji au muziki wako utakapoanza kukuingizia kipato. Leseni za bei nafuu mara nyingi ni za matumizi binafsi, na malipo uliyoyaona kama starehe yanaweza kugeuka kuwa gharama za biashara. Mhasibu wa mahali unapoishi, akiwa na masharti ya leseni mezani, atakueleza vizuri kuliko mimi. La pili ni unafuu wa kodi. Taasisi kadhaa zinazopokea michango ya programu zimesajiliwa Marekani au Ulaya, na hadhi yao huko haimaanishi kwamba mchango wako utapunguziwa kodi katika nchi unayolipia wewe. Kama unakusudia kutoa kiasi kikubwa, au kuchanga kwa niaba ya shule, kikundi au kampuni, muulize mshauri wa kodi kabla ya kutuma. La tatu ni malipo ya kujirudia yasiyokoma hata baada ya kuyasitisha. Hapo usiendelee kuandika barua pepe zisizojibiwa. Nenda benki yako ukiwa na taarifa ya akaunti na uthibitisho wa siku uliyositisha, uombe wayazuie na wakueleze jinsi ya kudai yaliyokatwa kimakosa.

Na ikitokea mwaka ambao huna hata hicho kidogo, sitisha mchango siku hiyohiyo bila kuomba radhi kwa mtu. Ukurasa wa kuchangia una kitufe cha kusitisha, na waliouweka walikiweka kwa ajili yako. Endelea kuchora kwa programu uliyoipakua. Ruhusa uliyopewa katika leseni haikuwahi kutegemea malipo yako.